Makofi Mawili Yasiyoandikwa

Siku mume wangu alipokamatwa kwa mara ya pili nilikuwa sokoni Kasongo, kwenye meza yangu ya sabuni na chumvi. Mwanamke anayeuza ndagala karibu nami alirudi kutoka kituo cha pikipiki akaniambia kabla hajakaa:

"Bwana yako amepiga mutu. Polisi wamemubeba."

"Amemupiga juu ya nini?"

Akaanza kupanga upya mafungu yake ya samaki, ambayo yalikuwa yamepangwa vizuri tangu asubuhi. "Juu ya mwenzako wa Wamaza," akasema.

Sikuuliza kama aliyepigwa ameumia. Sikuuliza mume wangu amepelekwa wapi. Swali lililonitoka lilikuwa: "Watu walikuwa wengi?"

"Walikuwa wengi," akasema. "Ni siku ya soko."

Nikafunika chumvi yangu na kwenda nyumbani. Njiani nilikuwa naona picha moja tu, mume wangu akipigana hadharani, katika mji wangu mimi, kwa ajili ya mwanamke mwingine.

Mume wangu ni fundi wa baiskeli. Miaka sita kabla ya siku hiyo alianza kwenda Wamaza siku za soko kutengeneza baiskeli za wakulima, na huko akaoa mke wa pili. Dini inamruhusu, naye aliniambia mwenyewe, kwa adabu, akiwa amekaa chini kwenye mkeka. Tangu hapo akagawa siku zake, majuma mawili kwangu, majuma mawili kwake. Akinunua kikwembe ananunua viwili. Akileta dumu la mawese anajaza chupa zetu sawasawa, mbele ya macho yangu. Sijapata hata siku moja ya kumlaumu kwa kugawa vibaya, na labda ningefurahi kuipata.

Lakini nilikuwa na kitu kimoja ambacho hakingeweza kugawanywa, na hicho kilikuwa kesi yake ya kwanza.

Hiyo ni habari ya zaidi ya miaka ishirini. Tulikuwa hatujamaliza mwaka katika ndoa. Kulikuwa na mtu wa Lusangi aliyeleta mawese mjini kwa baiskeli, madumu mawili nyuma na moja mbele. Alipenda kusimama kwenye meza yangu. Alikuwa mchekeshaji, na mimi nilikuwa na umri wa kucheka. Siku moja aliniwekea ndizi mbivu mezani, akasema ni za mama wa nyumba nzuri. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Alimnyang'anya ile baiskeli mikononi, akaitupa chini, akachukua jiwe la kuzuia meza na kupondaponda magurudumu yote mawili. Mafuta yakamwagika mpaka kwenye vitambaa vya jirani. Kisha akampiga yule mtu makofi mawili, moja kila shavu. Fundi wa baiskeli akavunja baiskeli, na wale waliomjua walishangaa jambo hilo kuliko makofi.

Alifungwa miezi minne. Kila siku mchana nilimpelekea wali na sombe gerezani, nikisubiri mlangoni na sufuria yangu imefungwa kwa kitambaa. Wanawake kisimani walinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa. Mmoja, ambaye mume wake hakujali hata akilala kwa majirani, aliniambia, "Wewe unapendwa." Nilijifanya kuona haya. Ile miezi minne ndiyo wakati pekee katika maisha yangu ambao nilijua kila saa mume wangu yuko wapi, na nani anampikia. Najua haifai kusema hivyo juu ya gereza, lakini nilikuwa na furaha.

Sasa gereza ni lilelile, lakini siku ya pili ya kifungo chake nilipofika na sufuria yangu, askari alinizuia kwa mkono.

"Mama, chakula ya huyu imeisha kuletwa."

"Nani ameileta?"

"Bibi yake."

"Bibi yake ni mimi."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, bila ubaya wowote. "Basi ni ule mwingine," akasema.

Mke mwenzangu alikuwa amebaki Kasongo, kwa shangazi yake upande wa msikiti, na alikuwa akiamka mapema kuliko mimi. Nilirudi na wali wangu nikaula peke yangu, wote, mpaka tumbo likauma.

Habari kamili ya ugomvi niliipata kidogokidogo. Mwenzangu alikuja na pikipiki kutoka Wamaza, na barabara ilikuwa mbaya kwa mvua. Alipofika, mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Dereva akamshika kiuno ili asianguke, wakacheka wote wawili. Mume wangu alikuwa pale akimsubiri, na pampu ya baiskeli mkononi. Alimpiga dereva nayo mara moja kwenye mkono wa kulia. Mfupa ukapasuka, na mtu ambaye anaishi kwa kushika usukani akabaki bila mkono wa kuushika. Jambo hilo lilikuwa zito, na mtu mwenye akili angelifikiria kwanza. Mimi nilifikiri juu ya kiuno.

Juma la pili mwenzangu akaja kwangu. Hatukuwa na desturi ya kutembeleana. Alibisha hodi, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko la shangazi yake au kwa kulia.

"Yaya," akaniita, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "nimekuja juu ya ile karatasi ya zamani."

"Karatasi gani?"

"Hukumu ya kwanza. Avoka wake wa kumutetea anasema watu wa parke, wale wa mashtaka, wanataka kuonyesha kama bwana yetu ni mutu wa kupiga watu tangu zamani. Wakishinda, zuzi atamufunga sana. Lakini karatasi za tribinali za wakati ule ziliungua mu vita. Bwana anasema baba yake aliacha kopi, na kama iko, iko kwako."

Ilikuwa kwangu. Baba mkwe aliomba nakala wakati ule ili asije mtu kudai baiskeli mara ya pili, na alipofariki ikabaki mikononi mwangu. Nimeikunja ndani ya plastiki, pamoja na kitambaa cha harusi yangu, katika sanduku la bati chini ya kitanda. Miaka ya vita tulipokimbilia porini niliacha vyombo vyote nikaibeba ile. Imeandikwa Kifaransa. Mwalimu mmoja alinisomea zamani, kwa hiyo nilijua pia kisichokuwa ndani yake. Makofi hayakuwa ndani yake. Yule mtu wa Lusangi alidai baiskeli na mafuta tu, kwa sababu hakutaka iandikwe mahali popote kwamba alipigwa kofi sokoni kwa ajili ya mke wa mtu. Hukumu ilisema mume wangu aliharibu mali ya mwenzake, basi.

"Ililiwa na mchwa," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote."

Halafu akasema ahsante kwa maji niliyompa, akavaa viatu, akaenda. Nilisikia aibu, lakini ilikuwa ndogo. Kilichokuwa kikubwa ni ile "bwana yetu" aliyoitamka kwa urahisi kama mtu anayesema "mlango wetu".

Siku ya kesi nilikaa benchi la nyuma, yeye la mbele. Dereva alikuwa na mkono umefungwa kwenye vipande vya mbao. Mume wangu hakukana. Alisema alimpiga, na alikosea. Ikabaki swali la adhabu. Yule wa parke, kijana mwenye sauti nzuri, akamwita polisi mmoja mzee aliyekwisha kustaafu. Yule mzee akasimama na kueleza kwamba anamkumbuka mshtakiwa vizuri, tangu zamani, kwa kesi ya kupigana sokoni.

"Kupigana juu ya nini?" akaulizwa.

"Juu ya mwanamke. Bibi yake ule wa kwanza. Alikuwa anamupenda sana."

Mwenzangu akageuka. Alinitafuta kwa macho benchi baada ya benchi mpaka akanipata. Nilijua sura ile kwa sababu nimeivaa miaka sita. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa mume wetu aliwahi kufungwa kwa ajili yangu, alijua tu kuna kesi ya zamani ya baiskeli. Nikakaa wima. Nikatengeneza kitambaa changu cha kichwa, ambacho hakikuwa na kasoro.

Wa parke akasema mtu kama huyo, ambaye amehukumiwa kwa kupiga na amerudia kupiga, mahakama isimhurumie. Avoka akajibu kwamba hakuna aliyeonyesha alihukumiwa kwa nini hasa. Jaji akampa avoka juma moja alete uthibitisho.

Juma lile niliwaza mambo ambayo sijamwambia mtu. Niliwaza kwamba akifungwa miaka mingi, mwenzangu hatavumilia. Ni kijana, shangazi yake atachoka naye, shamba la Wamaza litamwita. Atarudi kwao, na baadaye ataolewa na mwingine. Nami nitabaki na sufuria yangu mlangoni mwa gereza, kila mchana, peke yangu. Nilihesabu hata umri ambao tungekuwa nao akitoka. Niliona sisi wawili tumezeeka, na Wamaza imesahaulika. Niliiona picha hiyo nikiwa naosha vyombo, na nilitabasamu.

Siku mbili kabla ya kesi nilikwenda gerezani mapema sana, kabla ya mwenzangu, askari akaniruhusu kumwona. Alikuwa amekonda. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka kifundo hakionekani, na alikuwa ameukalisha juu ya kipande cha tofali. Alikula vijiko vichache, kisha akaniuliza:

"Mwenzako iko anakula vizuri kwa shangazi yake?"

"Sijui. Umuulize yeye."

Akaweka kijiko chini. "Ile karatasi ya baba, iko?"

Nilikuwa na neno la mchwa tayari mdomoni. Nikatazama ule mguu.

"Iko," nikasema.

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema kweli. Sikuwa nimemsamehe. Labda ningeweza kumdanganya akiwa amesimama.

Karatasi yenyewe sikumpa mwenzangu, wala avoka. Siku ya kesi nilivaa kikwembe changu cha sikukuu na kuipeleka kwa mkono wangu. Avoka aliposikia kwamba iko, akaomba niitwe mbele, nami nikapita katikati ya benchi zote polepole. Nilitaka mwenzangu aone kwamba mchwa hawakuila, na kwamba nilikuwa nimemdanganya, na kwamba sasa ninamwokoa mumewe. Nilitaka aone yote matatu kwa pamoja.

Jaji alikuwa mtu wa mbali, aliyejifunza Kiswahili chetu akiwa kazini. Alifungua plastiki taratibu, kwa sababu karatasi ilikuwa imeanza kukatika kwenye mikunjo. Akasoma kimya, kisha akampa wa parke, naye akasoma. Huyo wa parke ndiye aliyekuwa mwepesi kupata mwanya.

"Hapa imeandikwa kwamba alimnyang'anya baiskeli mikononi," akasema. "Kumnyang'anya mtu kitu mikononi ni kutumia nguvu juu ya mtu. Hii ni kesi ya ukatili."

Avoka akasema neno hilo liko pale ambapo hukumu inasimulia siku ilivyokuwa. Penye kutaja kosa alilofungiwa, neno hilo haliko. Wakabishana. Kisha wa parke akanigeukia mimi.

"Mama, wewe ulikuwapo siku ile?"

"Nilikuwapo."

"Tuambie basi. Mume wako alimpiga yule mtu, au hakumpiga?"

Mwenzangu alikuwa hatua nne kutoka kwangu, mikono yake imeshikana magotini. Nilijua jibu lingemfanyia nini mume wangu, si kwamba sikuelewa. Lakini miaka sita nilikuwa nimesubiri mtu aniulize swali lile mbele ya mwanamke yule. Nilitaka asikie kwamba kabla ya pampu yake kulikuwa na makofi yangu, mawili, moja kila shavu, na kwamba yalipigwa wakati mume wetu alikuwa kijana na mikono yake haijachoka. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Alimu—"

"Mama, subiri," jaji akasema. Hakupandisha sauti. "Usijibu."

Akamgeukia wa parke na kumwambia kwamba siku ile ilikwisha kuhukumiwa, na yeye hakuitwa kuihukumu tena. Yeye ana swali moja tu: mtu huyu alitiwa hatiani kwa kosa gani. Akainua ukurasa wa mwisho. Kosa lililoandikwa pale, akasema, ni kuharibu mali ya mtu. Kosa hilo mtu anaweza kulifanya hata kama mwenye baiskeli amelala kwake na mlango umefungwa. Ili ufungwe kwa kosa hilo si lazima umguse mtu yeyote. Kwa hiyo, hata kama siku ile kulikuwa na mambo mengine, na hata kama mji mzima unayakumbuka, hukumu ya zamani haiwezi kuhesabiwa kuwa hukumu ya kupiga mtu.

"Sisemi kwamba hakupiga," akamalizia. "Nasema hakuhukumiwa kwa kupiga."

Nilirudi kwenye benchi. Mume wangu alikuwa ananitazama. Alikuwa amesikia ile nusu ya neno. Mtu aliyekaa nami miaka yote hiyo alijua nusu iliyobaki.

Alihukumiwa mwaka mmoja, na kumlipia dereva matibabu ya mkono wake. Wa parke alikuwa ameomba mara nne ya hapo. Watu walitoka wakisema mke mkubwa amemwokoa mume, na wengine walinishika mkono nje, na mimi nikaupokea ule mkono wa kila mtu kana kwamba ni haki yangu. Karatasi ilibaki katika faili. Grefye, karani wa mahakama, aliniambia haiwezi kutoka tena, ni ya mahakama sasa. Sikubishana.

Mwenzangu alinisubiri karibu na ukuta mpaka watu walipopungua.

"Yaya, ulisema mchwa."

"Nilisema."

"Na pale mbele, ulikuwa unataka kusema nini?"

Ningeweza kumwambia. Hakukuwa na jaji wa kunizuia. Lakini nilipoangalia uso wake niliona kwamba anajua tayari, na kwamba ameumia, na ule utamu niliokuwa nimeusubiri haukuja. Kilichokuja ni uchovu, kama siku nimebeba maji na kukuta pipa la nyumbani limejaa.

"Nilitaka kukuumiza wewe," nikasema. "Na ningemuumiza yeye."

Alifikiri juu ya jambo hilo. Kisha akasema, bila hasira, "Mimi pia nilifurahi siku ya pikipiki. Dereva analia, na mimi nafurahi. Mungu anisamehe."

Tukatembea pamoja mpaka njia panda ya soko. Tulikubaliana juu ya gereza: yeye atapeleka chakula Jumatatu mpaka Jumatano, mimi Alhamisi mpaka Jumamosi, na Jumapili apeleke yule kati yetu aliyepata samaki. Makubaliano yalidumu mwaka mzima, ingawa nilikuwa nikimuuliza askari kila Alhamisi kama sufuria ya jana ilirudi tupu. Ikiwa ilirudi na mabaki, siku yangu ilikuwa nzuri.

Mara moja tu nilimuuliza mume wangu juu ya yule mtu wa Lusangi. Ilikuwa karibu atoke. Mguu ulikuwa umepona, na alikuwa akitengeneza baiskeli ya askari kwenye uwanja wa gereza. Nikamuuliza: siku ile, yale makofi, alikuwa na hasira na nani, yule mtu au mimi?

Alizungusha gurudumu, akalisikiliza, akakaza nati moja.

"Mama," akasema, "ni zamani sana. Ninakumbuka baiskeli. Ilikuwa nzuri, ya chuma kizito. Ilinisumbua roho miezi mingi."

Nilimtazama nione kama ananificha kitu. Alikuwa anasema kweli. Makofi yale, ambayo nilikuwa nimeyabeba mpaka porini na kurudi nayo, yeye alikuwa ameyaangusha mahali fulani njiani bila kutambua.

Alitoka siku ya Jumatano. Kwa hesabu yetu Jumatano ilikuwa siku ya mwenzangu, kwa hiyo yeye ndiye aliyempokea mlangoni, na walikwenda Wamaza kabla jua halijawa kali, kwa baiskeli, yeye amekaa nyuma na bakuli mapajani. Walipita mbele ya meza yangu ya sokoni. Mume wangu alisimama, akanisalimu, akasema atarudi baada ya majuma mawili. Mwenzangu alishuka, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauliza kama nina sabuni ya kipande kirefu. Nikamkatia, nikamfungia kwenye karatasi.

Walipoondoka niliwatazama mpaka wakafika kona ya wauza mihogo. Mwanamke wa ndagala aliniuliza kama roho yangu iko sawa. Nikamwambia inauma. Akanisogezea kigoda chake nikae, akamhudumia mteja aliyekuwa anasubiri chumvi.